Meza ya Kukunjwa ya Arvid Tollefson

Arvid Tollefson alipokubali kuuza nyumba yake na kuhamia kwa binti yake mjini Billings, alitoa sharti moja: kujitengenezea risasi nyumbani, kwa kujaza maganda yaliyokwisha kupigwa, haachi. Binti, Marlys, naye akatoa lake. Alikaa ghorofani, vyumba viwili na jiko, basi meza yoyote itakayoingia humo sharti ikunjwe na kulala kabatini nyuma ya makoti. Mzee alinuna kidogo, kisha akaenda kununua bawaba.

Aliiunda kwa mbao za msonobari pale roshani, huku akiilaani baridi. Miguu ilikunjwa ikalala chini ya ubao, na ubavuni akatia mpini ili ibebeke kama sanduku la safari. Ilipendeza kweli. Ila alipoifunga juu yake mashine ya mkono ya kushindilia risasi na kuvuta wenzo, meza nzima ikainama na kumfuata.

"Baba, umetengeneza meza au farasi wa rodeo, wa kurusha watu?" Marlys aliuliza.

"Niache. Bado inazoea nyumba."

Wepesi ndio uliokuwa sifa yake, na ndio uliokuwa ugonjwa wake. Arvid akapachika ubao mwingine wa kuchomoka chini, kati ya miguu, akaubebesha gunia la chakula cha mbwa. Meza ikatulia tuli.

Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unabisha hodi, kwa hiyo Jumamosi asubuhi alijipanga kazini. Maganda matupu aliyasimamisha kwenye kibao chenye matundu, kila moja likapata fataki yake ya kuwashia, kisha baruti yake. Kabla ya kutia kichwa cha risasi humulikwa kwanza kwa tochi, ganda moja moja, kuhakikisha baruti iko kimo kimoja kote. Ganda lililojazwa mara mbili hupasua bunduki usoni mwa mwenyewe. Arvid alimulika safu zote, akaridhika.

Marlys alipita na kahawa yake, akainama kutazama. Kazi hiyo aliijua. Baba yake alimfundisha tangu utotoni.

"Baba, hili la pembeni."

"Nimeshaliangalia."

"Liangalie tena."

Akaliangalia. Baruti ilikuwa imepanda karibu na mdomo. Hakuwa amesahau kumulika. Alimulika, na hakuona. Hilo ndilo lililomtia hofu. Akarudisha baruti yote chupani, ganda baada ya ganda.

Jioni, wakila nyama ya kulungu na viazi, Marlys alisema hata risasi za dukani zinaua. Mzee akajibu kwamba hata chakula cha hospitali kinashibisha, akasukuma sahani. Marlys hakuthubutu kumwambia kwamba yeye mwenyewe angeweza kumjazia. Watu wa huko wana jambo moja hawalifanyii mzaha: mtu atakuazima lori lake na kukuachia funguo za nyumba, lakini risasi uliyoijaza wewe haiingii katika bunduki yake, hata mkiwa mmezaliwa tumbo moja. Si tusi. Uso ni wake, na anaulinda. Arvid alishamkatalia kaka yake wa damu, na kaka akaelewa.

Asubuhi yake mzee aliitoa meza kabatini, akaitandaza, akamwita binti yake. Akamwambia asimame mbele ya meza na kukunja kiwiko, kana kwamba ameshika wenzo. Akapima kimo cha kiwiko hicho, akapiga mstari wa penseli kwenye mguu wa meza, akachukua msumeno.

"Baba, ukikata hapo itakuwa fupi kwako. Huo mgongo wa kuinama utautoa wapi?"

"Najua."

"Sasa msimu huu utawinda kwa risasi zipi?"

Msumeno ulikuwa umeshaanza kuuma mbao.

"Za kwako," alisema Arvid, bila kuinua kichwa.

Marlys alipiga magoti kando ya meza. Akaushikilia ubao usitikisike, mpaka baba yake alipomaliza miguu yote minne.