Kadi ya Merle Yanyimwa Namba

Kadi ilirudi kwa posta Alhamisi kutoka kwa kampuni inayopima ubora wa kadi, imefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Merle Stuckey alipoisoma lebo yake aliketi kwenye ngazi za baraza kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake ni mbuzi.

"Haina namba," alimwambia mkewe, Verna. "Wamenipa maneno. *Halisi, imebadilishwa.*"

Verna alikuwa anamenya viazi. Akazidi kumenya.

Pale Mansfield hakuna mkusanya kadi za besiboli asiyejua maneno hayo. Namba ya juu kabisa, kumi, ni kadi iliyotoka kwenye pakiti bila hata kupumuliwa. Ya chini kabisa, moja, ni gofu, imekunjwa na kutafunwa, lakini mjanja hajaigusa, basi inapewa namba yake na heshima yake. Hii ya Merle walikubali ni yenyewe, imechapwa mwaka 1971 kweli, ila kuna mtu ameichezea. Ni kama kusema babu ni babu, lakini meno si yake na nywele si zake.

Kasha lilikuja na barua. Kingo zimekatwa. Mkunjo umenyooshwa kwa joto. Weusi uliochapwa kuzunguka picha umepakwa rangi upya kwenye pembe.

"Ray Dombek," Merle akasema. "Aliniuzia kadi hii mwaka 1984 akiniangalia machoni. Jumamosi kwenye maonyesho nitamwanika mbele ya ukumbi mzima, na chama chetu cha kadi kimfute."

Ray ndiye aliyewasimamia harusi. Kila Novemba, Sikukuu ya Shukrani, huja kwao kula bata mzinga, na huondoka na paja moja mfukoni akidhani hakuna anayemwona.

Ndipo viazi vilipomshinda Verna. Kati ya makosa yale matatu, mawili alikuwa anayajua vizuri sana, kwa sababu aliyafanya yeye.

Ilikuwa miaka sita nyuma, Merle amelazwa kwa ngiri. Verna alitaka akirudi aikute kadi yake kwenye fremu nzuri. Kadi ilikuwa na mkunjo katikati ya tumbo la mchezaji, na ukingo mmoja ulikuwa umechanika-chanika. Akatandika kitambaa chenye unyevu, akapiga pasi ya moto mdogo. Kisha akachukua kisu chake cha gurudumu, kile cha kukatia vitambaa vya mablanketi ya viraka, akanyoosha ukingo huo, na wa pili ili zilingane. Merle alipotoka hospitali aliitazama kwa muda mrefu, akasema kadi nzuri huwa zinapendeza kadiri zinavyozeeka, tofauti na watu. Verna akaona hilo tusi lilipe lile kosa, akanyamaza.

Ijumaa alifungua mdomo aseme, akaishia kuutia keki ya tufaha.

Jumamosi asubuhi, ndani ya gari, akajaribu tena kwa njia yake. "Kitendawili."

"Verna, sina hamu."

"Sema tega."

"Tega, basi."

"Sina jino hata moja, lakini nimekula kadi ya Merle pande mbili."

"Ray Dombek," Merle akajibu. "Meno yote ya juu ni ya kununua."

Ukumbi wa wazima moto ulikuwa umejaa meza, kahawa na wanaume wenye matumbo. Ray alikuwa kwenye meza yake ya kawaida karibu na jiko, anakula soseji. Merle akalibwaga kasha mbele yake.

"Soma, mwizi."

Ray akafuta haradali kidoleni, akasoma. "Mimi nimekata kadi? Merle, mimi hata kucha hukatwa na binti yangu."

"Ulinipa uozo umepakwa poda. Arobaini, miaka arobaini unakula bata wangu. Leo unatoka kwenye chama hiki, na kwangu usikanyage tena."

Meza za jirani zikawageukia. Ray aliweka soseji chini, akaanza kurudisha kadi zake sandukuni moja moja. Verna akaona kwamba kitendawili hakitoshi tena.

"Niliikata mimi," akasema. "Na pasi niliipiga mimi. Ulipokuwa na ngiri."

Merle akageuka polepole. "Pasi?"

"Ya moto mdogo. Na nilitandika kitambaa."

"Verna, ile kadi ingepata mbili. Mbili safi, na mkunjo wake na aibu yake."

"Sasa nimejua. Wakati ule nilidhani kadi ni kama shati."

Ray alikuwa ameivuta barua karibu na miwani. "Shemeji, hapa kuna la tatu. Weusi umepakwa rangi. Na hilo pia ni lako?"

"Hapana, hilo silo langu. Nilidhani ni lako."

"Mimi niliiuza ina mabaka meupe kila pembe. Ilikuwa kama mbwa mwenye ukurutu. Nilimpunguzia bei kwa hayo mabaka."

Wote wawili wakamtazama Merle. Merle akatazama dari ya wazima moto kama anayekagua uvujaji.

"Merle," Verna akasema.

"Ilikuwa kalamu ya wino mweusi," Merle akasema. "Miaka ya themanini. Kila mtu alikuwa anafanya. Pembe mbili tu."

"Barua inasema nne," Ray akasema.

"Nne, basi."

Ray akafunga sanduku, halafu akalifungua tena. "Nasubiri," akasema.

"Samahani," Merle akanong'ona.

"Ulivyonitukana walisikia mpaka jikoni."

Merle akawatazama wale wanaume wote wenye matumbo, waliokuwa wamejifanya wanatafuta kadi. "Ray Dombek si mwizi," akasema kwa sauti ya kufika jikoni. "Kadi tuliiharibu nyumbani, mimi na mke wangu."

"Na Novemba?" Ray akauliza.

"Njoo. Paja moja utakula mezani kama watu."