Blanketi la Wageni

Orpah hakuwapenda watu wa maswali, na asingekupenda hata wewe kama ungefika kwake na kalamu. Aliwaona wengi. Wanakuja na viatu safi, wanakunywa chai yako, wanakuuliza kama choo chako kina mlango, halafu wanapotea mpaka wengine waje na maswali yaleyale. Kwa hiyo Beverlyne alipoingia bomani kwake, juu ya kiwanda cha chai cha Itumbe, akajitambulisha kuwa mtafiti wa chuo kikuu, Orpah alijifuta mikono kwa leso na kumpa kile kiti kibovu.

"Kwenu ni wapi?"

"Nyansiongo, mama. Mimi ni mtoto wa Nyamira."

"Mm. Na unatafiti nini?"

Beverlyne akaeleza kwa upole. Alitaka kujua jinsi familia zenye walemavu zinavyopata huduma, nani anaosha, nani analisha. Pia alikuwa akifuatilia yale makundi ya simuni ambamo vijana wa kiume hukaa kutwa wakiwatukana wanawake. Makundi hayo alikuwa akiyasoma mwenyewe, na wenyewe walijua anasoma.

"Na hayo mawili yanakutania wapi?"

"Hilo ndilo ninalotafuta, mama."

Alaa! Mtu anatafuta asichokijua, na chuo kizima kimemtuma! Orpah alicheka kidogo kwa pua, akaingia ndani kulitoa blanketi jekundu.

Blanketi hilo alipewa na akina mama wa kanisa la Sabato, zito, jipya, lenye harufu ya duka. Lilikaa kabatini. Wageni wakibisha hodi, Haron, kijana wa kumtunza mwanawe Momanyi, anamleta Momanyi hadi uani kwa kiti cha magurudumu, na Orpah anamtandikia blanketi magotini. Wageni wakishika njia, blanketi linarudi kabatini na Momanyi anafunikwa lile kuukuu, lililotoboka. Si kwamba hakumpenda mwanawe, jamani. Momanyi hakuzuia mkojo, na Orpah alikuwa na hofu ya kuonekana mama asiye na kitu.

Momanyi alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Miguu haikumtii, mikono ilijikunja kifuani, na maneno yalimtoka polepole, kwa jasho. Alishindwa hata kushika kijiko. Ndivyo mamake alivyomjua, na hakuona haja ya kujua zaidi.

Sasa elewa jambo moja kuhusu sisi Abagusii, usije ukamhukumu mama wa watu bure. Mwana akishatahiriwa, mamake haingii nyumba yake, wala haoni uchi wake. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na anayeivunja hujiletea mkosi. Momanyi alitahiriwa kama wenzake, ami zake wakamjengea kibanda chake, wakaimba, wakala, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza kesho yake nani angemwogesha. Kwa muda mrefu alioshwa na huyu leo na yule kesho, hadi shirika moja la walemavu likamleta Haron, kijana wa Suneka, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Orpah alipika, akaacha sahani mlangoni. Haron alifanya mengine yote.

Na bado hakumwamini. Mara nyingi alisikia vicheko kule kibandani, naye akikaribia, kimya! Haron alimpa Momanyi simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka, eti asikilize nyimbo za kanisa. Nyimbo gani hizo zinazokatika mama akipita?

Kwa maswali ya Beverlyne, Orpah alijibu kwamba kila kitu ni sawa, Mungu ni mwema. Mtafiti akaandika, akaenda. Blanketi likarudi kabatini.

Baada ya majuma kadhaa Beverlyne aliwaita wenyeji kwenye ukumbi wa kanisa kule Birongo, awaeleze alichokipata. Akina mama walijaa. Akasema kwamba majina ameyaondoa yote, kisha akasoma maneno ya kijana mmoja kutoka kundi moja la wanaume:

"Mjue wanawake, ndugu zangu. Kuna mama namjua, ana mtoto mlemavu. Wageni wakija, blanketi jekundu linatoka kabatini. Wageni wakienda, linarudi kabatini. Mwanamke hata akizaa, anazaa ili aonekane."

Ukumbi ukacheka. "Loo! Mama gani huyo?" mmoja akasema, na Orpah akacheka kuliko wote, masikio yakimwaka moto. Ni nani mwingine aliyelijua kabati lake? Kikulacho ki nguoni mwako. Alirudi nyumbani hajui hata njia ilivyokwisha.

Haron alimkuta asubuhi amesimama langoni.

"Umeniandika kwa simu."

"Mimi? Hapana, mama."

"Chai yangu unakunywa, siri yangu unawapa wahuni! Ni nani basi, paka?"

Haron akatazama kule kibandani, akatazama chini. "Aliyeandika si mimi. Zaidi ya hapo usiniulize, mama."

"Mwenye hatia ndiye asiyetaka kuulizwa. Toka! Na shirika lako ulipeleke Suneka."

Akamfukuza hivyo hivyo, bila kumpa nafasi ya kumuaga Momanyi. Moyo wake ulitulia. Ulitulia mpaka saa ya kuoga.

Ratemo, ami mdogo, alikuja siku ya kwanza, akamwaga maji, akatoka akitema mate na kulalamika mgongo. Siku ya pili alituma salamu. Wengine walikuwa na ng'ombe, na mazishi, na mkutano wa kiwanda. Orpah aliacha uji mlangoni, akapita kwa majirani kuomba mwanamume yeyote amlishe. Harufu ilianza kutoka kibandani. Akiita, Momanyi hakujibu. Usiku alijiuliza kama alikosea, mchana akajijibu kwamba nyoka hafugwi.

Beverlyne akarudi, safari hii bila kuita mkutano. Orpah alimpokea kwa kifua mbele.

"Yule mwandishi wako nimemshika. Nimemfukuza."

Msichana akabadilika rangi. "Umemfukuza nani, mama?"

"Haron. Huyo aliyekuwa akimwogesha mwanangu."

"Lakini sikusema ni nani. Hata mimi simjui, wanatumia majina ya kubuni." Akajishika kichwa. "Sikufaa kuyasoma yale maneno hapa karibu na nyumbani kwa watu. Kosa ni langu. Na mama, yule mtu bado anaandika."

"Si nimekwambia ni nyoka! Anasema nini sasa?"

"Sina ruhusa ya kusema."

"Umeshasema mbele ya Birongo nzima, leo ndipo unakosa ruhusa?"

Beverlyne akaiweka kalamu yake chini. Alipofungua mdomo, alisema polepole, kama anayejisikiliza mwenyewe. "Anasema hajaogeshwa tangu Sabato. Anasema ubavu umeanza kuoza. Mimi nilidhani ni mzaha wa kule kundini."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuza nyuso kuelekea kibandani, na Orpah akaanza kutembea.

Alisimama kizingitini, mahali ambapo miaka yote alikuwa akiacha sahani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, juu ya mkeka, Momanyi alikuwa amelalia ubavu mmoja, simu imeegemezwa ukutani, na kwa kifundo cha kidole kilichojikunja alikuwa akigonga kioo, herufi moja, halafu nyingine. Mkono ule ule ulioshindwa kushika kijiko.

"Ni wewe," mama akasema.

Kidole kikasimama. "Ni... mimi."

"Mimi mamako, Momanyi! Nimekukosea nini?"

Alikuwa akilia, na alikuwa na hasira, na aibu ilizidi vyote viwili. Momanyi akaanza kuyasukuma maneno, moja moja.

"Kule... wananisikiza. Hawajui... nikoje."

"Na Haron alijua?"

"Alinigombeza... kila siku. Alisema, mama yako... si hivyo. Futa. Nikakataa."

Orpah akashika mwimo wa mlango. Mtu mmoja tu alikuwa amemtetea katika boma lile, naye alimtoa langoni kama mwizi. Kwa simu ya Beverlyne alimpigia, akaomba radhi kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakulizoea. Haron alimsikiliza kwa heshima. Kisha akasema shirika lilikwishampeleka nyumba nyingine, mbali, kwa mzee asiye na mtu, na hawezi kumwacha.

"Basi mwanangu ataoshwa na nani?" Orpah akauliza, lakini simu ilikuwa imekatika.

Akapasha maji. Akatia sabuni kwenye karai. Akafungua kabati, akalitoa blanketi jekundu, akalitupa begani. Beverlyne aliinuka kumsaidia, akaambiwa akae pale pale na asiandike chochote.

Kizingitini Orpah aliivua leso yake kiunoni, akaikunja, akajifunga nayo macho, akakaza fundo kisogoni mpaka likauma. Akavuka.

"Mama, toka," Momanyi akasema. "Ni... mwiko."

"Sioni kitu. Niambie tu mkono upeleke wapi."

Kisha sauti ikaja, ya kukatika. "Kushoto. Chini kidogo. Hapo... hapo panauma."

Akaosha hapo taratibu. Aliuhisi mfupa, akauhisi uwazi wa kidonda, akauma mdomo asilie juu ya mwanawe. Alimwosha mgongo, akamwosha miguu aliyoiacha ikiwa ya mtoto na sasa ilikuwa ya mwanamume. Akamgeuza, akamfuta maji kwa blanketi la wageni, akamfunika nalo, liloe likitaka.

Halafu akakumbuka lile kundi la simuni, na mkono wake ukasimama.

"Momanyi. Ile simu iko wapi?"

"Iko mbali, mama."

Angeweza kuifungua leso aone. Aliligusa fundo kwa vidole vyenye povu. Kisha akaushusha mkono, akatafuta karai kwa kupapasa, akaanza kumwosha kichwa.