Oili Nyekundu Chini ya Pijo

Tangu Dalmas Oluoch apatwe na kiharusi, nyumba yao ya Kamenu haikumtosha tena. Aliketi, akasimama. Alitoka kibarazani, akarudi ndani, akasogeza kiti, akakirudisha kilipokuwa. Mguu wa kulia ulikuwa umepata nguvu tena, ukiburuta kidogo tu, lakini mkono wa kulia ulining'inia, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Akitaka chai alisema "ngoja". Akitaka kwenda chooni, "ngoja". Mkewe Wilkister akikosea kukisia, alilirudia neno lile kwa sauti ya juu zaidi, jasho likimtoka, mpaka mmoja wao achoke.

Kitu kimoja tu kilimtuliza: gari likiwa linaenda. Lilikuwa Pijo 505 nyeupe ya miaka ya themanini, aliyoinunua zamani akiwa msimamizi wa mitambo kiwandani, na ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Wilkister alikuwa na leseni tangu ujana wake, lakini miaka yote hiyo alikaa upande wa abiria. Sasa yeye ndiye aliyekuwa dereva. Kila wiki alimpeleka mumewe Ruiru kwa Viola, daktari wa mazoezi ya viungo. Siku nyingine alimzungusha tu mpaka Kalimoni na kurudi, bila shughuli yoyote, kwa sababu magurudumu yakianza kuzunguka mabega ya Dalmas yalishuka, akatazama barabara kama mtu anayekwenda mahali.

Kwa hiyo usukani ulipoanza kulia, Wilkister alifungua dirisha ausikilize vizuri. Mwanzoni ulilia kwenye kona tu, sauti nyembamba kama ya mbwa aliyefungiwa nje. Kisha ukaanza kuwa mzito. Asubuhi moja alikuta doa jekundu chini ya gari. Akaongeza oili ya pawa, ile inayolainisha usukani, na kabla wiki haijaisha ikawa imeisha tena. Fundi mmoja wa karibu na nyumbani aliinama, akagusa raki ya usukani, chuma kinachogeuza magurudumu, akaonyesha vidole vilivyolowa. Raki imekufa, akasema, na kupata nyingine ya gari kuukuu kama hilo itachukua miezi, kama itapatikana. Akamshauri aliegeshe.

Binti yao Auma, anayefanya kazi Kisumu, alipiga simu na kusema alichotaka kusema tangu zamani.

"Mama, hiyo gari imenizidi umri. Iuze."

Wilkister alimjibu kwamba atafikiria. Hakufikiria. Alizunguka nyumba, akapanga vyombo vilivyokuwa vimepangwa, akafungua dirisha na kulifunga. Alipopishana na Dalmas mlangoni kwa mara nyingine tena, aliona kwamba sasa walikuwa wawili wanaotembea hivyo, kama watu waliopoteza ufunguo na kila mmoja anautafuta peke yake.

Siku ya kwenda kwa Viola ilipofika, akajaza oili, akamketisha mumewe, wakaondoka.

Walifika Ruiru salama. Alipokata kona kuacha barabara kubwa ndipo usukani ulipogoma. Ilimbidi auvute kwa mikono yote miwili na kifua, na moshi wa samawati ukaanza kutoka kwenye boneti, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Alisimama kando, akazima injini. Vijana wa bodaboda wakalisukuma gari mpaka kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya mabati, ya mama mmoja aliyeitwa Nzilani.

Nzilani alikuwa mwanamke wa makamo, ovaroli limefifia magotini, na hakuwa na haraka. Alisikiliza habari yote, pamoja na ile ya raki.

"Huyo fundi alisema ni raki kwa sababu ndiyo imelowa," akasema. "Lakini oili hutiririka, mama. Tukaushe kwanza, ndio tuone inatoka wapi."

Akaosha pampu, mabomba na raki kwa mafuta ya taa, akapangusa kila mahali kwa kitambaa, akatandaza katoni safi chini ya injini. Akajaza oili, akawasha gari. Wakangoja. Katoni ilibaki kavu. Wilkister akaingia, akazungusha usukani kushoto na kulia huku Nzilani amelala chini na tochi. Bado hakuna kitu. Dalmas, kwenye kiti cha abiria, alikuwa akifungua mlango na kuufunga, akiufungua na kuufunga. Saa ya Viola ikapita. Wilkister akashuka, akampigia simu kumwomba radhi.

Nzilani alitoka chini, akasema anahitaji macho mengine juu, kwenye boneti, wakati yeye anaangalia chini. Mwenzake alikuwa amekwenda kutafuta spea. Nani basi atazungusha usukani? Wote wawili wakamtazama Dalmas.

"Hawezi," Wilkister akasema. "Mkono wake mmoja haufanyi kazi."

"Ako na mwingine. Gari iko fri, haiko kwa gia, na nimeweka mawe kwa magurudumu."

Dalmas alikuwa ameshatoka. Alilizunguka gari akiwa ameshika boneti, akapita mbele ya mkewe bila kumtazama, akaketi kwenye kiti cha dereva. Jambo la kwanza alilofanya ni kukisukuma kiti nyuma, kwa maana Wilkister alikuwa amekivuta karibu tangu aanze kuendesha.

Aliuweka mkono wa kushoto juu ya usukani. Oili ilikuwa imejaa, na usukani ukazunguka kwa kiganja kimoja, mwepesi. Akaupeleka kushoto mpaka mwisho, akaurudisha mara moja, kama mtu anayejua kwamba pampu huumia ukiukazia pale. Kisha akauinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya usukani. Vidole havikushika, lakini havikuanguka pia. Viliteleza pamoja na usukani, kwenda na kurudi.

Wilkister, ameinama na tochi, alilazimika kujikumbusha kuangalia injini.

Ghafla usukani ukasimama upande wa kulia, kabla haujafika mwisho. Dalmas alikuwa ameukaza kwa nguvu.

"Ngoja," akasema.

Kwa mazoea Wilkister akaanza kuuliza: maji? choo? amechoka? Dalmas akatikisa kichwa. Hakupaza sauti.

"Ngoja," akarudia, akiinamisha sikio kuelekea boneti.

Ndipo mkewe aliponyamaza. Chini ya mngurumo wa injini kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Akaifuata kwa tochi. Kwenye shingo ya mpira unaotoka kwenye pampu, pale unapoingia kwenye chuma, oili ilikuwa ikiruka, uzi mwekundu mwembamba usioonekana mpaka uumulike. Ulipiga ekzosi, bomba la moshi lililopata moto, ukageuka moshi. Uliobaki ulifuata chuma cha chasisi na kushuka kwenye raki. Dalmas alipolegeza usukani, uzi ulikatika. Alipoukaza, ukarudi.

"Nimeiona," Wilkister akasema. "Iko huku juu. Si raki. Ni huu mpira."

Nzilani akaja, akatazama, akamwomba mzee aukaze tena. Mpira ulikuwa umesuguliwa na chuma kwa miaka, akaeleza, na ulivuja ukipata presha tu. Raki ilikuwa nzima. Kulikuwa na watu Thika waliotengeneza mipira ya haidroliki. Wangeukata na kuubana upya siku ileile. Akaufungua, akaufunga kwa gazeti, akapanda bodaboda.

Hapo ndipo shida nyingine ilipoanza. Dalmas alikataa kutoka kwenye kiti. Wilkister alimbembeleza, kisha akamvuta mkono, naye akaung'ang'ania usukani. Wilkister akahisi hasira ikimpanda, na baada ya hasira uchovu. Akamwacha. Akazunguka upande wa pili, akaketi kwenye kiti cha abiria, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu mumewe apatwe na kiharusi.

"Baba Auma," akasema, "Auma anataka gari liuzwe. Mimi nilikaribia kukubali. Nimechoka, na sijui kama nakuelewa hata nusu."

Dalmas alitazama mbele, kwenye ukuta wa mabati. Kisha mkono wake wa kushoto ukaachana na usukani, ukatua juu ya goti la mkewe. Kidole gumba hakikutulia; kiligonga, kikagonga. Lakini mkono haukuondoka.

Jioni, mpira mpya ukiwa umefungwa, Dalmas mwenyewe ndiye aliyezungusha usukani kutoa hewa kwenye oili. Katoni ikabaki kavu. Kisha akashuka bila kuambiwa, akaenda upande wake. Wilkister akaendesha mpaka Kamenu.

Dalmas hakuwa mtulivu baada ya hapo. Bado alihamisha viti. Lakini kila Jumamosi wakaanza kwenda Murera, kwenye ploti ambazo hazijajengwa, wakabadilishana viti. Kwa gia ya kwanza, bila kukanyaga petroli, Pijo ilijikokota yenyewe kwenye nyasi. Dalmas alikanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, ulio mzima, na kuongoza. Wilkister alishika breki ya mkono na kutazama mbele kwa wasiwasi. Viola aliposikia aliuliza kama vidole vya kulia vinashika. Vilikuwa vimeanza.

Auma alikuja Desemba. Aliwakuta huko, mama yake akiwa ameegemea dirisha, baba yake shingo imenyooka, gari likizunguka polepole kupita mwendo wa ng'ombe. Alisimama akiwatazama kwa muda, mikono kiunoni. Kisha akaanza kutembea kando ya gari, akafungua mlango wa nyuma likiwa linaenda, akaingia.

"Funga vizuri," Wilkister akamwambia, bila kugeuka. "Huo mlango lazima uubamize."