Bi Mpira na Saa Mbili Asubuhi

Kila Jumanne, kabla wanafunzi wa udaktari hawajaingia, mfanya usafi alibandika mlangoni karatasi ya MAZOEZI YANAENDELEA, kisha akapiga deki na kumpangusa Bi Mpira vumbi. Bi Mpira ni sanamu la mama aliyetoka kujifungua. Anapumua, anapepesa macho, na kitufe kikibonyezwa anatoka damu ya maji ya rangi, wanafunzi wajifunze kuizuia. Sauti yake ni ya fundi mitambo, anayekaa nyuma ya kioo na kipaza sauti akilalamika kwa niaba yake. Hupenda kutia chumvi.

Jumanne moja, damu ikianza kumwagika, Bi Mpira akakohoa, akasema, "Nilifika saa mbili asubuhi."

Fundi alikuwa na mkate mdomoni. Mwanafunzi aliyekuwa akikanda tumbo akajibu, "Sawa mama, pumua taratibu," na daktari mkufunzi akampa alama ya kumsikiliza mgonjwa.

"Huyo ni binti yangu," mfanya usafi alimwambia fundi baadaye.

"Nami nilihisi. Mimi siwezi kukohoa vile. Basi Jumanne ijayo ninyamaze?"

"Ukinyamaza utakuwa umenisaidia."

Binti yake alifia wodi ya wazazi mwaka uliopita, hatua arobaini kutoka hapo. Alifika saa mbili asubuhi kwa miguu yake, begi la nguo za mtoto begani, akimtania mama yake kwamba anatembea kama yeye ndiye mwenye mimba. Mtoto alizaliwa salama. Saa nne damu ikagoma kukatika, na muuguzi, mmoja kwa vitanda kumi na vinane, akamtuma mama mtu mbio amwite daktari. Daktari, yule yule mkufunzi, alikuwa chumba cha mazoezi. Mama akagonga. Ndani wakajibu, "Subiri, tuna mgonjwa."

Akasubiri. Karatasi ya mlangoni alikuwa ameibandika mwenyewe alfajiri ile, na mtu haingilii mgonjwa wa mwenzake. Wakati huo Bi Mpira aliokolewa mara tatu. Kwenye faili daktari aliandika kwamba mgonjwa aliletwa saa nne na nusu, amejifungulia nyumbani, ndugu walichelewa.

Ndugu ndiye yeye. Neno hilo lilimkaa kooni mwaka mzima, halimezeki, halitemeki. Hakutaka fidia wala hakutaka mtu afukuzwe. Alitaka saa ile ifutwe, iandikwe saa mbili, mjukuu wake akikua asije akasoma kwamba bibi ndiye aliyemchelewesha mama.

Akamfuata daktari ofisini. "Daktari, umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia," daktari akasema. Tusimsingizie, hakukana. Alishindwa tu kumtazama usoni. "Lakini mama, faili likishafungwa limefungwa. Na sanamu haliwezi kutoa ushahidi, hata saini halina."

Akafikiri kidogo. Akasema sauti ile ina manufaa makubwa, kwa kuwa wanafunzi ni dhaifu sana katika kuwajibu wagonjwa wanaolalamikia saa. Akaiingiza kwenye mtaala, ikawa zoezi la saba. Katika zoezi hilo Bi Mpira hufa, nao hujifunza kutoa taarifa ya kifo. Daktari alihitaji mtu wa kukaa kama ndugu wa marehemu.

"Utakaa karibu naye. Utamshika mkono."

Alikubali kwa sababu ya huo mkono. Ulikuwa wa plastiki, na ulikuwa na joto.

Akapewa karatasi yake. Ndugu anapewa taarifa. Ndugu analia kidogo. Ndugu anakubali.

Jumanne iliyofuata Bi Mpira alifumba macho kwa wakati wake. Mwanafunzi mmoja, msichana mpole mwenye miwani, akachuchumaa mbele ya kiti. "Mama, pole sana. Tulijitahidi. Ila mlichelewa kumleta."

Mlango ukagongwa.

"Subiri," wakaitikia wote kama kwaya, "tuna mgonjwa."

Mama akainuka.

"Kaa, mama," daktari akasema kwa upole. "Bado hujakubali."

Hakukaa. Akaenda akafungua. Nje alisimama mwanamume mwenye begi la nguo za mtoto, kamba ya kiatu kimoja imefunguka. "Nimeambiwa daktari yuko huku. Mke wangu damu..."

"Nenda, daktari," mama akasema.

"Naenda." Daktari akatazama saa ya mkononi. "Dakika tano tu, bwana, tunamalizia."

Mwanamume akachungulia. Aliona mwanamke kitandani amefumba macho, na ndugu yake hapo mlangoni machozi yamemlenga. Akarudi nyuma kwa adabu. "Samahani. Poleni sana," akasema, akauvuta mlango mwenyewe. Chini ya mlango, viatu vyake havikwenda popote.

Bi Mpira akafumbua macho. "Mama, saa ngapi?"

Mama akatazama saa ya ukutani. Akachomoa kalamu mfukoni mwa daktari, akaandika kiganjani mwake: saa nne na dakika kumi na mbili, amegonga.

Daktari akamngoja amalize kuandika, akapokea kalamu yake, kisha akamwambia msichana wa miwani aanze tena kuanzia pale pa pole sana.