Mwanya wa Shangazi

Jirani yetu muuza mkaa anasema shangazi yangu alivunjika jino akimng'ata mwanamume. Anasema mlio aliusikia mwenyewe ukutani, kah, kama ukuni mkavu, na kwamba mwanamume huyo ni yule fundi magodoro wa barabara ya pili, ambaye tangu siku hiyo anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Nikimwambia kwamba nilikuwa chumbani humohumo na hapakuwa na mwanamume yeyote, ananitazama kwa huruma na kusema mimi bado mtoto, sikuona.

Niliona. Shangazi alikuwa anamalizia kaptura ya sare ya shule, ile ya kitambaa kigumu kama turubai. Alipofika mwisho wa pindo aliinama, akautia uzi kwenye meno ya mbele, akavuta. Ndivyo anavyokata uzi tangu kabla sijazaliwa. Mkasi upo, lakini mkasi anasema ni wa kitambaa. Uzi ni kazi ya mdomo. Siku hiyo uzi ulikuwa wa nailoni. Uzi haukukatika.

Kipande kilichotoka kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Shangazi alikitafuta sakafuni katikati ya vipande vya nguo, akakifunga kwenye karatasi, akaendelea kushona. Ufa ukabaki. Kwa muda jino lilimuuma kila akinywa chai, kisha likaacha, naye akafurahi kwamba limepona lenyewe. Lilikuwa linakufa. Rangi yake ikaanza kufanana na kikombe kilichokaa na chai, na juu yake kwenye fizi kikaota kipele, kinakuja na kuondoka kama mgeni mwenye ufunguo wake.

Sasa lazima niseme habari ya mwanya. Shangazi hajidai kuwa mzuri, lakini ana mwanya katikati ya meno mawili ya juu, mwembamba, umenyooka kama umepigwa rula. Marehemu mume wake alimwona akicheka kwenye foleni ya maji, akaenda nyumbani akasahau ndoo. Na jino bovu ni mojawapo ya hayo mawili. Shangazi alisema likitolewa hautakuwa mwanya tena, utakuwa mlango, na yeye hawezi kuzeeka na mlango usoni. Akaamua kwenda hospitali ya serikali kuomba litibiwe mzizi, liachwe mahali pake.

Muuza mkaa alimtisha. Alisema kule hawatibu jino, wanaliua na kuvuta mshipa wake kama utumbo wa samaki, na mtu aliyetolewa mshipa hasikii tena utamu wa kitu chochote, hata wa umbea. Hilo la mwisho lilimnyima shangazi usingizi. Lakini alikwenda, nami nikamsindikiza.

Tulikaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha meno. Watu walikuwa wanasimuliana vizuri tu. Dereva wa lori alisema yeye hufungua soda kwa meno huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Mwalimu mmoja alikuwa na tundu aliloliziba kwa pamba na karafuu akisubiri likizo, na likizo zilikuwa zimepita kadhaa. Mama mmoja jino lake liliwahi kuzibwa, kizibo kikatoka, akakirudisha kwa gundi ya viatu. Ndipo muuguzi akatokea, akatangaza kwamba vifaa vya kutibu mzizi ni haba, kwa hiyo daktari atamuuliza kila mtu jino limeharibikaje. Mwenye mchezo wa kuumiza meno na hataki kuuacha atang'olewa tu, awapishe wengine.

Benchi lote likaanza kutafuta ajali.

Mlango haukuwa unafunga sawasawa, tukasikia yote. Dereva alianguka bafuni. Mama wa gundi alianguka bafuni. Mwalimu, niliyedhani ataona aibu, naye alianguka bafuni, tena kwa maelezo marefu yenye sabuni. Akafuata fundi bomba, ambaye kweli aliteleza kwenye bafu la mtu akiwa kazini na mdomo bado umevimba. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba aseme ukweli.

Nilimnong'oneza shangazi aseme kweli. Akanikanyaga mguu.

Daktari alikuwa kijana, koti lake jeupe limefuliwa mpaka limechoka. Alilipiga jino picha, akaligonga kwa kijiti cha chuma, shangazi asisikie kitu. Akaeleza kwamba ndani ya jino kuna nyama hai. Ufa ukiingiza uchafu nyama hiyo huoza, na usaha hutafuta njia kwenye fizi. Angeweza kulitoboa, akasafisha njia ya mzizi na kuiziba, jino likabaki. Akataka tu kujua lilivunjikaje.

"Nilianguka bafuni," shangazi akasema.

Daktari akaweka kalamu chini. "Hilo bafu liko wapi, mama? Limenimalizia watu."

Shangazi akaanza kuapa. Akasema sakafu ilijaa maji, akasema yeye ni mtu wa uji, hajawahi kutia kitu kigumu mdomoni. Daktari akainama kuitazama fizi tena, na mkono wake ukapita mbele ya uso wa shangazi. Kwenye mkono wa koti, karibu na kifungo, uzi ulikuwa unaning'inia, mrefu kama kidole. Niliuona. Nikaona shangazi naye ameuona. Maneno yakaanza kumpungua. Nikasema moyoni, usifanye.

"Mimi na meno yangu, daktari..." Kichwa kikaenda chenyewe, tak, kwa jino la pembeni. Akautema uzi kando kwa adabu, akalainisha mkono wa koti kwa kiganja. "...nayatunza kama mayai," akamalizia.

Muuguzi aligeukia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko. Daktari alitazama koti lake, akautazama mdomo wa shangazi, akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu, ambayo haikuwa na maji.

Shangazi akafunika mdomo kwa mkono. Sikuwahi kumwona akiuficha mwanya. Akasema polepole kwamba hajui kushona vinginevyo, uzi ukifika mwisho kichwa kinainama. Lakini akiachiwa jino lake, ataacha.

Daktari akauliza mimi ni nani, nikamwambia mtoto wa kaka yake, nashona naye. Basi akakubali, kwa sharti kwamba mkasi ukae shingoni mwa shangazi na mimi niwe mlinzi. Akanionya kwamba jino lililotibiwa mzizi ni kavu, likivunjika mara ya pili hakuna wa kulirudisha.

Tulienda na kurudi mpaka likaisha. Vile visindano vya kusafishia mzizi shangazi alivisifu kuliko sindano zake zote, akauliza vinauzwa wapi. Utamu nao uko palepale: muuza mkaa alikuja kumpima kwa habari za watu, shangazi akazisikia zote. Siku hizi jirani anasema shangazi alimng'ata daktari, na safari hii sijui nimkanushe vipi.

Jana tulikuwa tunamalizia mashati. Shangazi alifika kifungo cha mwisho, uzi mwembamba tu, wa pamba. Mkasi ulikuwa shingoni kwa utepe wake. Kichwa kikaanza kuinama, kikasimama hewani. Akaniona namtazama, akatabasamu mwanya wote.

"Mwanangu," akasema, "hebu toka nje uniangalizie kama nguo zimekauka."

Nguo tulizianua asubuhi. Nikabaki nimeketi namtazama, naye na uzi wake mkononi, ananisubiri.