Konzi za Rokimi

Rokimi alikuwa kasimama mlangoni na kopo lake la mchele, nami nikampita kana kwamba pale pana ukuta.

Huku kwetu vilimani Mizoram, India, mwanamke hapiki kabla hajamtengea Mungu konzi moja ya mchele. Jumamosi mtu wa kanisa huzunguka nyumba kwa nyumba akiikusanya. Mwaka ule mtu huyo nilikuwa mimi. Niliiomba kazi ile ili niiruke nyumba moja tu.

Mume wa Rokimi, Hrangkima, alichoma shamba bila kufyeka mpaka wa kuzuia moto. Moto ukapanda kilima, ukamkuta mama yangu amelala kwenye kibanda chake cha shambani. Wazee wakasema ni upepo. Kanisani Hrangkima alilia mbele za watu, wakampa mkono wa msamaha. Mkono wangu niliufunga ndani ya shuka.

Kila alfajiri nilipiga magoti: "Bwana, mkomeshe. Sadaka yake usiipokee." Sijawahi kumtafuta Mungu kwa bidii namna ile, wala sijawahi kuambulia patupu namna ile. Magoti yangu yaliota sugu na Hrangkima akazidi kunenepa.

Mvua zilipokwisha, Rokimi alinizibia njia, gunia miguuni pake.

"Dada Biaki, leo hupiti."

"Utanipiga?"

"Nikupige nipate nini? Beba hili."

Nilifungua. Mchele. Wa juu mweupe, wa chini umeshaingia fukusi.

"Ulikuwa unauweka wa nini, na unajua sichukui?"

"Kwani nilikuwa nakuwekea wewe?" akasema. "Mume wangu hali mpaka aone nimetenga. Siku nyingine ananiachia chakula hapo hapo, anaingia kulala. Mimi kukuchukia nimekuchukia, nisikudanganye. Ila konzi hatukuacha."

Nilitamani kulipiga teke lile gunia. Watu niliowafungia njia walikuwa bado wanabisha hodi kwa Mungu, na mimi niliyeamka alfajiri zote zile nilikuwa natafuta wa kunishikia rungu.

Nililibeba. Lilikuwa zito, na njia nzima nilimtukana Hrangkima kimoyomoyo. Kanisa lilikuwa tupu. Nikalitua mbele, na safari hii sikupiga magoti.

"Simsamehe," nikasema kwa sauti. "Namtaka mama yangu."

Neno hilo la pili sikuwa nimelisema hata mara moja tangu tuzike. Nikakaa sakafuni nikalia, hasira zangu zote nikiwa nazo, na mle ndani sikuwa peke yangu.