Mteja Ameshauriwa

Kufikia wiki ya saba, Mama Karani alikuwa anawajua watu wa ile kampuni ya magari kama mtu anavyowajua mawifi zake, yaani kwa kasoro. Alimjua mlinzi wa getini, aliyemtaka ajiandikishe upya kila siku kana kwamba jana hawakuonana. Alimjua dada wa mapokezi, ambaye kucha zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba simu aliinyanyua kwa viganja. Na zaidi ya wote alimjua Mshauri wa Wateja, mwanamume wa makamo mwenye tai nyekundu na meno mengi, ambaye tangu wajuane alikuwa hajawahi kumshauri mtu yeyote jambo lolote.

"Shikamoo mama yangu," Mshauri alisema asubuhi hiyo, meno yote nje.

"Marahaba. Gari langu limefikia wapi?"

"Lipo mama. Linashughulikiwa."

Kuwapo, lilikuwapo. Kutoka kwenye kochi la wageni aliliona kupitia ukuta wa kioo, limeinuliwa juu ya mikono ya chuma, tumbo wazi, giaboksi yake imetolewa na kuwekwa sakafuni juu ya kipande cha boksi. Vumbi la kwenye boneti lilikuwa limekolea kiasi cha mtu kuandikia jina lake kwa kidole. Na kweli mtu alikuwa ameandika, tena jina la timu ya mpira. Hiyo ndiyo shughuli pekee iliyokuwa imefanyika.

Mama Karani alikuwa ameketi mahakamani miaka thelathini, akichapa maneno ya watu. Alikuwa amechapa uongo wa kila daraja, wa mwizi wa kuku hadi wa mkurugenzi mwenye mawakili watatu, na baada ya muda alianza kuuheshimu uongo uliopikwa ukaiva. Uongo mbichi ndio uliomtia kichefuchefu. Watu wa kampuni hii walidanganya kibichi. Wiki ya kwanza walisema wanasubiri ripoti ya fundi. Ya pili, ripoti imekwenda makao makuu. Ya tatu, makao makuu yanasubiri picha. Ya nne, picha hazionekani vizuri. Ya tano, mpiga picha yuko likizo. Walimpiga danadana, na wala hawakuwa mafundi wa kuzipiga.

Gari lilikuwa na miezi kumi na minne tu. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake, likiwa bado na nailoni kwenye viti, lina waranti ya miaka mitatu yenye mihuri miwili na saini inayojipinda kama nyoka. Sevisi zote alizifanyia hapohapo kwao, kwa tarehe zao. Alinunua jipya kusudi, ili asije akabembeleza fundi yeyote uzeeni.

Kisha mumewe akapigwa na kiharusi. Mumewe huyo mtaa mzima ulimwita Refa, kwa sababu alichezesha mechi mpaka mvi zikaota, na miguu yake ndiyo iliyokuwa fahari yake. Upande wa kulia wote ukalala. Mtaalamu wa viungo kwenye kliniki ya mazoezi, mwanamke mnene mwenye mikono ya kukandia zege, ambaye wagonjwa wenyewe walimbatiza Kocha, alizungumza na Mama Karani bila kumung'unya maneno.

"Miezi sita ya kwanza ndiyo ya huu mguu," alimwambia. "Sasa hivi unasikia ukiitwa. Baadaye unakuwa kiziwi. Namtaka hapa mara tatu kwa wiki, asikose."

Hawakukosa. Wiki sita walikwenda, na mwisho wa wiki ya sita vidole vya mguu wa kulia viliinuka, kidogo tu, vinatetemeka, na Refa akalia mbele ya watu. Wiki iliyofuata, katikati ya mzunguko wa barabara, gia ziligoma zote kwa pamoja. Injini ilinguruma, gari likasimama palepale, honi zikaanza nyuma yao. Refa, kwa mkono wa kushoto uliobaki mzima, aliwanyooshea wale madereva kama anayewapa kadi nyekundu, akacheka kwa nusu ya mdomo. Gari likavutwa hadi kampuni. Tangu siku ile Refa hakukanyaga tena kliniki.

Si kwamba njia nyingine haikuwepo. Jirani muuza mitungi ya gesi alikuja mwenyewe na pikapu yake, akasema atampeleka Refa bure, saa yoyote. Mama Karani alimshukuru kwa ule mdomo wa kumshukuru mtu aliyekuletea paka, na hakumwita hata siku moja. Binti yao naye alipiga simu kutoka alikoolewa.

"Mama, nitawaitia teksi kila siku ya mazoezi. Niachie mimi hilo."

"Ukimpandisha baba yako teksi, umewasaidia wao," Mama Karani alimjibu. "Watasema, kumbe alikuwa na usafiri, hasara iko wapi? Nimeona kesi ngapi zikifa hivyo? Mtu anajisaidia kidogo, hakimu anamwambia basi endelea kujisaidia."

"Lakini baba..."

"Baba yako ninamkanda mwenyewe asubuhi na jioni. Acha hasara ionekane."

Na hasara aliiandika. Katika faili la bluu, chini ya nakala za waranti, palikuwa na karatasi yenye orodha ya siku za mazoezi zilizopita bila Refa kwenda, kila moja na tarehe yake na maneno "hakuhudhuria kwa kukosa usafiri". Mwandiko ulinyooka. Zilikuwa zimefika ishirini na moja.

Barua ya kukataa ilikuja mwisho wa wiki ya sita ya gari kulala kampuni, na ndiyo iliyomfanya siku hii avae gauni lake la mahakamani. Ilisema uharibifu umetokana na matumizi mabaya ya mteja, waranti haihusiki, mteja afike kutia saini kwamba atagharimia giaboksi mwenyewe. Ilikuwa na makosa manne ya herufi. Alikuwa ameyazungushia yote kalamu.

Meneja alimpokea ofisini kwake kwa mikono miwili, kama mwenye msiba. Alikuwa mtu laini, mwenye marashi yaliyotangulia kuingia na kuchelewa kutoka. Mezani palikuwa na ua la plastiki lililofutwa vumbi vizuri kuliko gari lolote karakanani, na ukutani cheti cha huduma bora ambacho kampuni ilijitunuku yenyewe. Mshauri alisimama pembeni ya kabati.

"Mama, sisi kama kampuni tunakuelewa," Meneja alianza.

"Mnaelewa nini?"

"Maumivu yako. Ila sisi kama kampuni tuna utaratibu. Giaboksi haifi ghafla. Inatoa dalili. Na wewe dalili ulielezwa, ukaendelea kuendesha."

"Nilielezwa na nani?"

Meneja alitabasamu kwa huruma. Alifungua droo, akatoa kadi tatu za kazi, zile karatasi za manjano ambazo fundi huandika alichokikuta kwenye gari, akazipanga mbele yake moja moja, kwa madaha.

"Soma mwenyewe mama."

Mama Karani alivaa miwani. Alisoma ya kwanza polepole, kisha ya pili, kisha ya tatu. Zote zilisema jambo moja. *Giaboksi inalia. Mteja ameshauriwa.* Mwilini alisikia kitu alichokuwa hajakisikia tangu astaafu, ule ubaridi mtamu wa shahidi anapoanza kumwaga mtama mwenyewe bila kuombwa.

"Sioni vizuri," alisema. "Nisomee tarehe ya hii ya kwanza."

Meneja akasoma, kwa sauti, pamoja na mwaka.

"Gari lilikuwa na miezi mingapi hapo?"

"Mitatu."

"Na kilomita?"

"Elfu tano. Sevisi ya kwanza." Sauti ilishuka kidogo mwishoni. Hakuwa mjinga kabisa, alikuwa mjinga wa kuchelewa tu.

"Kwa hiyo gari langu likiwa na miezi mitatu, ndani ya waranti, mikononi mwenu, giaboksi ilikuwa inalia. Mkaisikia. Mkaiandika. Mkanirudishia gari. Miezi minne baadaye mkaisikia tena, mkaiandika tena, mkanirudishia. Mlikuwa mnangoja iimbe?"

"Lakini mama, uliambiwa."

"Niliambiwa mafuta yamebadilishwa na gari limeoshwa. Hebu mwite aliyeandika."

Fundi mkuu aliitwa. Aliingia akijifuta mikono kwa kitambaa, mtu mfupi, mkimya, na yeye peke yake katika jengo lile alionekana amefanya kazi siku hiyo. Mama Karani alimwonyesha kadi.

"Ni mwandiko wako?"

"Huo wa juu ndiyo wangu. Nilisikia inalia, nikaandika inalia. Niliwaambia wafungue waangalie." Akaitazama kadi tena. "Hayo ya chini si yangu. Hayo yanaongezwa mapokezi."

Hapo Mshauri, ambaye angefaidika kwa kunyamaza, aliona ni wakati wa kutetea heshima ya kazi yake.

"Ni utaratibu tu mama," alisema. "Hayo huwa tunayaandika kwenye kila kadi. Kabla gari halijaingia karakanani tunakuwa tumeshaandika. Inatulinda."

"Kila kadi?"

"Kila kadi."

"Hata ya mtu aliyekuja kubadilisha taa?"

"Hata yake," Mshauri alisema kwa fahari, na Meneja akafumba macho.

Mama Karani hakupandisha sauti. Alitoa karatasi nyeupe kwenye faili, akaisukuma mezani, akamwomba Meneja aandike hayo hayo waliyoyasema, kwa mkono wake, fundi atie saini kama shahidi. Au, kama kampuni inaona ni usumbufu, gari liwekwe giaboksi mpya kwa waranti na waliyoyasema yabaki humu ndani. Meneja alitazama karatasi, akatazama faili la bluu na unene wake. Kumbe giaboksi ilikuwepo stoo, tangu wiki ya pili. Makao makuu, ambayo kwa wiki saba yalikuwa mbali kama mbinguni, yalipatikana kwa simu moja fupi.

"Siku nne mama," Meneja alisema.

"Tatu," alisema Mama Karani, na akapata tatu.

Siku ya kuchukua gari walikuwa wameliosha. Mlinzi alimfungulia geti bila daftari, Mshauri akamshikia mlango, na Mama Karani akapita katikati yao bila kuwatupia hata jicho. Gia ziliingia kama kisu kwenye siagi. Njia nzima alikuwa anatabasamu peke yake. Kesho yake asubuhi alimvisha Refa raba, akamfunga mkanda, akaendesha hadi kliniki huku akimsimulia mara ya tatu jinsi Mshauri alivyosema "hata yake". Refa alitazama barabara.

Kocha aliwaona tangu mlangoni. Hakusalimia kwanza.

"Mlikuwa wapi wiki saba?"

Hilo ndilo swali ambalo Mama Karani alikuwa amejiandaa kulijibu. Alifungua faili. Alieleza ripoti, picha, barua ya makosa manne, kadi za manjano, na alipofika kwa Meneja kufumba macho, aliigiza. Wagonjwa wawili kwenye vyuma vya kushikilia walicheka. Kocha alikuwa amepiga goti, anavua raba ya Refa, anabonyeza unyayo, anakunja kifundo cha mguu kilichokuwa kigumu kama mpini.

"Teksi hakuna kwenu?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Zipo. Lakini ningetumia teksi wangesema sikupata hasara. Ilibidi hasara ionekane." Alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi, kwa binti yake, kwa jirani, kwake mwenyewe, na siku zote yalisimama imara. Humu ndani, kati ya mipira na magongo, yalitoka mdomoni yakiwa mafupi na mabaya.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Hongera," Kocha alisema, sauti kavu. Kisha akauweka ule mguu juu ya paja lake. "Baba, niinulie vidole. Kama siku ile."

Refa alijaribu. Mshipa wa shingo ulitoka, jasho likamtoka juu ya mdomo, mkono wa kushoto ukang'ang'ania ukingo wa kiti. Wote waliokuwa mle chumbani waliutazama ule mguu. Vidole vilikaa kama vya mtu mwingine. Kocha alihesabu hadi ishirini, kimya, kisha akaushusha mguu taratibu na kuanza kuukanda.

"Jaribu tena," Mama Karani alisema. "Jaribu tena baba watoto, hukujiandaa."

Refa alimgeukia. Maneno yalimtoka moja moja, kila moja likisukumwa kwa nguvu kupita upande wa mdomo uliokuwa hai, lakini yalitoka yote, na hakuna aliyeweza kusema hakuyasikia.

"Mimi... ningepanda... hata ile... pikapu ya gesi," alisema. "Hukuniuliza."